Kofia ya Bwana Kesho

Sanduku lenyewe limekaa kama ndoo iliyofunikwa:
ngozi ya kahawia, mkanda, kufuli la shaba,
na karatasi za meli zilizobandukabanduka
hata zikabaki herufi tatu na nusu ya nanga.
Ndani, mahameli nyekundu. Ndani ya mahameli, kofia,
ndefu, nyeusi, hariri iliyolala upande mmoja
kama ngano baada ya upepo wa Julai.

Ilifika Mufindi kabla barabara haijawa barabara.
Kutoka Dodoma ilipanda lori mbele, ubavuni mwa dereva.
Babu yangu, Desideri Kihwele, alipanda nyuma
na magunia ya chumvi ya ng'ombe,
na kila walipokwama topeni
aliyeshuka kusukuma alikuwa yeye,
iliyobaki imekaa ilikuwa kofia.

Bwana wake walimwita Kesho,
maana mshahara kesho, dawa kesho, ruhusa ya msiba kesho.
Aliivaa mara moja tu,
siku gavana alipopita Sao Hill bila kusimama.
Vumbi likaingia kwenye hariri.
Babu akapewa brashi ndogo, na amri:
fuata manyoya, usirudi nyuma.

Akafuata manyoya miaka kumi na minne kwa mshahara
na hamsini na kitu bila mshahara,
kwa kuwa Bwana Kesho aliondoka na mkoba mmoja
mwaka ule bendera zilipopokezana mlingoti.
"Itunze, Desideri. Nitairudia."
Lini?
Jina lake lilikwishajibu.

Bibi Kolumba hakuwa na subira na deni la mtu.
Kofia akaitundika msumarini, sanduku akalipa kazi:
mbegu za maharage, vyeti vya ubatizo,
stakabadhi za kodi ya kichwa zilizofungwa uzi
(kodi ya kichwa, mnasikia, ndani ya sanduku la kofia),
na mwaka ule sakitu ilipounguza chai yote hadi Kibao
vifaranga tisa walilala kwenye mahameli ile
wakatoka wazima, wananukia utajiri.
Babu alinuna wiki nzima.
Jumamosi akapiga brashi.

Watoto tulikatazwa kuigusa.
"Kofia ya mtu ina kichwa chake," alisema,
nasi hatukuuliza zaidi. Watu wa huku
tunajua habari ya kichwa kusafiri sandukuni,
kikakaa ng'ambo, kikarudi Kalenga kimechelewa.
Hilo halina utani.

Tulimzika Mei, ukungu umekaa juu ya jembe.
Juni akaja kijana wa vitu vya kale kutoka Dar,
koti jepesi, meno yanagongana,
akageuza sanduku, akahesabu misumari,
akaipuliza kofia. "Nani aliivaa?"
Hakuna, nikasema. Hapa hajawahi mtu.

Akaipindua anionyeshe chapa ya fundi.
Kwenye mkanda wa ndani, pale linapokaa paji la uso,
unywele mmoja.
Mfupi, mweupe, umejisokota kipilipili.

Si wa Bwana Kesho; zake, walisema, zilikuwa ndevu za mahindi.
Na mweupe: basi si ujanani, ni juzijuzi,
usiku labda, chemli imepunguzwa utambi,
Bibi amekwisha kufa, komeo mlangoni,
mzee anatafuta kioo, nasi hatukuwa na kioo
ila kile cha kunyolea,
kinachotosha kidevu tu.

"Hii itasafishika," kijana akasema, akatoa kitambaa.
Nikamshika mkono.

Sanduku nilimuuzia, na herufi zake tatu na nusu nanga.
Maharage nikayamwaga kwenye ungo.
Stakabadhi nikazitia ndani ya kofia, zikaenea.
Iko msumarini. Jumamosi, nikikumbuka,
naipiga brashi kwa nje,
kwa kurudi nyuma.